Meja wa Mkono Mmoja

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wenzangu mliopita hapa miaka ya nyuma, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma mkinusa pilau:

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya mtu aliyeniongoza katika kazi. Wengi wenu mnajua kwamba kazi yangu ilikuwa kupima: kwanza viwanja na mashamba, kisha mito. Nadhani waliotunga barua ile walitazamia nimtaje mmoja wa walimu wetu wa hesabu, na wanastahili kutajwa. Lakini mtu niliyemchagua hakupata kufika bara hili. Habari zake nilizisikia mara ya kwanza humu humu shuleni, katika somo la jiografia, siku mwalimu alipotundika ukutani ramani ya Amerika ya Kaskazini, akaweka fimbo juu ya Mto Colorado na kusema: "Mto huu ulipimwa na mtu mwenye mkono mmoja." Kengele ikalia, akaondoka. Ilinibidi niyatafute mengine mwenyewe, na nimeyatafuta kwa miaka mingi.

Mtu huyo aliitwa John Wesley Powell. Alizaliwa mwaka 1834 katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti aliyehubiri waziwazi dhidi ya utumwa. Walipohamia Ohio, mahubiri hayo yalimletea mtoto taabu: wenzake shuleni walimpiga mawe, hata wazazi wakamtoa wakampeleka kwa jirani mmoja mzee, George Crookham, mkulima aliyekuwa na vitabu na makusanyo ya mawe na mimea. Basi elimu yake ya kwanza ya kweli aliipata akitembea maporini na mzee yule. Baadaye akawa mwalimu wa shule, na wakati wa likizo alipenda kuteremka mito kwa mashua peke yake. Mwaka 1856 aliuteremka Mississippi mpaka unapoingia baharini.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza Marekani mwaka 1861 alijiandikisha upande wa serikali ya Muungano, akaanza kama askari wa kawaida. Alikuwa na akili ya hesabu na ujenzi wa ngome, na haukupita muda akawa kapteni wa kikosi cha mizinga. Mwaka huo huo alipewa ruhusa ya siku chache akamwoa binamu yake, Emma Dean. Bibi huyo akapata kibali cha Jenerali Grant cha kufuatana na mumewe, na vizuri alikipata.

Tarehe 6 Aprili 1862 majeshi yalipambana mahali paitwapo Shiloh, katika jimbo la Tennessee. Katika siku mbili watu zaidi ya 23,000 wa pande zote waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Powell alikuwa ameinua mkono wa kulia kuwaamuru watu wake wapige mizinga, risasi ikampata. Siku mbili baadaye mganga wa jeshi akaukata mkono karibu na kiwiko. Mkewe ndiye aliyemuuguza. Mishipa ya kile kigutu haikupona sawasawa, ikamuuma maisha yake yote.

Hapo wengi wangerudi nyumbani, na hakuna ambaye angewalaumu. Powell alirudi vitani. Mwaka 1863 alikuwa katika mazingiwa ya Vicksburg, na inasimuliwa kwamba askari walipochimba mahandaki yeye aliokota visukuku vya konokono wa kale katika udongo uliotolewa. Aliacha jeshi mwezi Januari 1865 akiwa meja, na tangu hapo kila mtu akamwita Meja mpaka kufa kwake. Ndugu yake Walter naye alirudi, lakini alikuwa ametekwa mwaka 1864 na kufungwa katika kambi ya mateka, na akili yake haikutulia tena. Nawaomba mkumbuke hilo, kwa sababu katika hadithi za vita tunahesabu viungo vilivyokatwa tu.

Baada ya vita alifundisha elimu ya miamba katika vyuo vya Illinois. Mwaka 1867 akawachukua wanafunzi na marafiki, pamoja na mkewe, kwenda magharibi kwenye milima ya Colorado. Mwaka uliofuata akarudi tena, akapanda kilele cha Longs Peak, zaidi ya mita 4,300. Huko milimani alianza kusikia habari za mto ulioingia katika makorongo marefu kupita kiasi, ambao kwenye ramani za siku zile sehemu yake kubwa ilikuwa nafasi tupu. Watu wa mpakani walisema kwamba mto ule unazama chini ya ardhi, au una maporomoko yasiyo na njia ya kupita. Aliyekwenda kupima hakuwapo. Powell akaamua kwenda.

Reli ya kuvuka bara la Marekani iliunganishwa tarehe 10 Mei 1869. Wiki mbili tu baadaye, tarehe 24 Mei, Meja na wenzake tisa walianza safari kutoka mahali reli ilipovuka Mto Green, Wyoming. Mashua zao nne zilitengenezwa Chicago na kuletwa kwa garimoshi. Moja, nyepesi kuliko zote, aliipa jina la mkewe, Emma Dean. Kikundi chenyewe hakikuwa cha wataalamu. Wengi walikuwa askari wa zamani wa vita ile na wawindaji, na hakuna hata mmoja aliyejua kuendesha mashua katika maji ya namna ile. Walipakia chakula cha miezi kumi, bunduki, mitego, na vyombo vya kupimia.

Hivyo vyombo ndivyo vilivyonifanya nimpende mtu huyu. Chombo chake kikuu kilikuwa barometa: bomba jembamba la kioo lenye zebaki, ambalo huonyesha uzito wa hewa, na kwa uzito wa hewa mpimaji hukadiria kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Ni kitu chepesi kuvunjika kama yai. Kila walipotua Meja alisoma barometa, akapanda kingo za korongo akiwa na mkono mmoja, akasoma tena huko juu. Nimewahi kubeba vyombo vya kupimia mlimani nikiwa na mikono yote miwili na vibarua wanne nyuma yangu, na nililalamika njia nzima.

Siku moja alipokuwa akipanda jabali alifika mahali asipoweza kwenda mbele wala kurudi. Ameng'ang'ania mwamba kwa mkono wake mmoja, amesimama kwa ncha za vidole, chini ni shimo. George Bradley, aliyekuwa juu yake, hakuwa na kamba, wala tawi la kumfikishia. Akavua suruali yake ndefu ya ndani, akaiteremsha. Meja akalazimika kuuacha mwamba, na kwa nukta moja hakushika kitu chochote duniani, ndipo akaidaka ile suruali akavutwa juu. Vijana, naona mnacheka. Hata yeye alilisimulia jambo hili kitabuni bila haya.

Lakini kabla ya hapo msiba wa kwanza ulikuwa umekwisha kuwapata. Mwanzoni mwa mwezi wa Juni, katika korongo waliloliita Lodore, mashua ya No Name ilipitiliza mahali pa kutua, ikachukuliwa na mkondo, ikapasuka juu ya mawe. Watu watatu waliokuwamo waliokolewa, ila nguo zao na chakula kingi vikapotea. Meja aligundua pia kosa lililokuwa lake mwenyewe: barometa zote zilikuwa zimepakiwa katika mashua ile moja. Usiku ule hakulala. Kesho yake vijana wawili wakajitolea kuliendea gogo la mashua lililokwama katikati ya maji, na walipofika wakapiga kelele za shangwe. Meja akafurahi kuona kwamba watu wake nao wanazithamini barometa kiasi kile. Kumbe walikuwa wameona pipa dogo la wiski walilolificha humo bila yeye kujua. Vyote viwili vililetwa, na Meja hakukataa lile pipa. Mahali pale pakaitwa Disaster Falls, yaani Maporomoko ya Maafa, na jina hilo liko kwenye ramani hata leo.

Mwezi wa Julai mmoja wao akasema ameona hatari ya kutosha, akaaga. Wakabaki tisa. Walipoingia katika korongo kuu, lile liitwalo Grand Canyon, ilikuwa mwezi wa Agosti, na chakula kilikuwa unga uliooza kwa unyevu, nyama ya nguruwe iliyoharibika ikatupwa, matofaa makavu kidogo, na kahawa. Kuta za mawe ziliwapanda juu pande zote mbili zaidi ya kilomita moja. Mahali pengi haikuwezekana kubeba mashua nchi kavu, hivyo walizishusha kwa kamba au waliziachia maji na kuomba Mungu.

Jioni ya tarehe 27 Agosti walifika penye maji mabaya kuliko yote waliyoyaona. Baada ya chakula Oramel Howland, mmoja wa wale watatu waliookolewa katika No Name, akamwita Meja kando. Akasema yeye, mdogo wake Seneca, na William Dunn hawataendelea. Afadhali wote wapande kwa miguu kupitia bonde la pembeni, watafute makazi ya Wamormoni kaskazini. Meja akatoa chombo cha kupimia nyota, akapima pale walipo, akachora mchangani njia iliyobaki mpaka mdomo wa Mto Virgin, ambako aliamini wangekuta watu. Kwa hesabu yake ulibaki mwendo wa siku chache. Howland hakushawishika. Meja akatembea mchangani usiku kucha, akienda na kurudi katika kipande kidogo cha ufuko, akijiuliza iwapo ana haki ya kuwaingiza wengine katika maji yale kwa kutegemea hesabu zake.

Asubuhi hawakugombana. Wale watatu walipewa bunduki. Waliobaki wakawaona wale kuwa wanakwenda kufa jangwani, na wale wakawaona hawa kuwa wanakwenda kufa majini. Kila upande ukaulilia mwingine. Emma Dean ikaachwa ufukoni kwa kukosa wapiga makasia. Mashua mbili zikaingia katika maporomoko, na kwa dakika chache zikawa zimepita upande wa pili salama. Walipiga bunduki hewani kuwaashiria wenzao warudi, wakangoja, hakuja mtu.

Tarehe 30 Agosti, siku mbili tu baadaye, wale sita walifika mdomo wa Mto Virgin, wakakuta Wamormoni wakivua samaki. Wavuvi hao walikuwa wameagizwa wautazame mto kama utaleta mabaki ya mashua au maiti. Safari ilikuwa ya kilomita zipatazo 1,600, katika miezi mitatu na siku chache. Akina Howland na Dunn hawakuonekana tena.

Hesabu za Meja zilikuwa sawa, na kila mara nifikapo hapa katika kisa hiki sipati raha. Wale watatu hawakuwa waoga. Walikuwa wamevumilia siku tisini na zaidi, na wengine katika kikundi walisimulia baadaye kwamba Meja alikuwa mkali kwao, kwamba hakuwasamehe kwa ile mashua iliyovunjika. Mtu anayejua vipimo vyake ni sahihi huona shida kuelewa kwa nini mwingine hamwamini. Nimeyaona hayo katika kazi, na nimeyatenda.

Mwaka 1870 Powell alirudi kutafuta habari zao, pamoja na Jacob Hamblin, Mmormoni aliyezijua lugha za wenyeji. Walikaa na watu wa Shivwits, tawi la Wapaiute. Wazee wakaeleza kwamba waliwadhania wale watatu kuwa wachimba madini waliomuua mwanamke wa ng'ambo ya mto, wakawapiga mishale. Wako wanaobisha habari hiyo mpaka leo. Meja aliipokea, akalala usiku ule kati yao bila silaha, wala hakudai kisasi. Toka hapo akazidi kujifunza lugha za wenyeji wa asili. Mwaka 1879 akawa mkuu wa ofisi mpya ya serikali ya kuchunguza mila na lugha zao, na mwaka 1891 akatoa orodha ya jamaa za lugha za Amerika ya Kaskazini ambayo wataalamu waliitumia kwa miaka mingi. Ila nisimpake rangi nzuri tupu: aliamini, kama wasomi wengi wa wakati wake, kwamba mataifa ya wanadamu hupanda ngazi kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na watu wale akawaweka kwenye ngazi za chini. Sisi ambao babu zetu waliwekwa kwenye ngazi hizo hizo na wasomi hao hao tunajua uzito wa jambo hilo.

Tena kuna hili. Mwaka 1871 na 1872 alifanya safari ya pili mtoni, safari hiyo akiwa na kiti kilichofungwa juu ya mashua. Ramani ilitoka hasa katika safari hiyo, kwa jasho la shemeji yake Almon Thompson na vijana kama Frederick Dellenbaugh, mchoraji, aliyeanza safari akiwa na miaka 17, umri wenu ninyi wa kidato cha nne na cha tano. Meja alipochapisha taarifa yake mwaka 1875 alichanganya mambo ya safari zote mbili yakawa kama yametokea yote mwaka 1869, na majina ya watu wa safari ya pili hakuyataja. Mtu aliyekuwa mwaminifu kwa barometa hivyo! Sijapata maelezo yanayoniridhisha.

Sasa nije kwenye maji. Serikali ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 1862, iligawa ardhi ya magharibi kwa vipande vya eka 160 kwa kila jamaa. Eka 160 za Illinois, penye mvua, ni shamba la kutajirisha. Lakini Powell alikuwa ameizunguka nchi ya Utah na jirani zake, akajua kwamba mvua ya huko ni chini ya milimita 500 kwa mwaka, na kwamba mkulima asiye na mfereji hapati kitu. Katika ripoti yake ya mwaka 1878 juu ya nchi kame alisema kwamba katika Utah nzima ardhi inayoweza kumwagiliwa haifiki asilimia 3. Akapendekeza mashamba ya kumwagilia yawe madogo, eka 80. Ya malisho yawe makubwa, eka 2,560. Haki ya maji isitenganishwe na shamba lenyewe. Na wakulima wa bonde moja wajiunge waendeshe maji yao kwa pamoja.

Hawakutaka kusikia. Siku zile palikuwa na watu, na baadhi yao wasomi, waliofundisha kwamba mvua hufuata jembe: lima, nayo mvua itakuja. Makampuni ya reli yalikuwa na ardhi ya kuuza. Wanasiasa walitaka wakazi. Powell alikuwa mkuu wa idara ya upimaji wa miamba tangu 1881, na mwaka 1888, baada ya ukame mkali, Bunge lilimpa kazi ya kupima mito na mahali pa kuchimba mabwawa. Lakini ardhi ya umma ilipozuiwa isigawiwe mpaka vipimo vikamilike, maseneta wa magharibi wakaongozwa na William Stewart wa Nevada kumpinga, na mwaka 1890 fedha za kazi ile zikakatwa.

Mwezi wa Oktoba 1893 aliitwa Los Angeles kuhutubia mkutano mkubwa wa watu wa umwagiliaji. Alikuja na hotuba iliyoandikwa. Alipowasikia wajumbe wakijitapa jinsi jangwa lote litakavyokuwa bustani, akaiweka kando akasimama kuwaambia kwamba maji yaliyopo hayatoshi kwa ardhi hiyo, na kwamba wanawarithisha watoto wao magomvi na kesi za maji. Ukumbi ukamzomea. Alikuwa na miaka 59, kigutu kikimuuma. Mwaka uliofuata akajiuzulu. Alifariki tarehe 23 Septemba 1902 huko Haven, Maine, akazikwa Arlington pamoja na askari wenzake.

Wakati mmoja katika kazi yangu nilitumwa kupima kijito kwa ajili ya mradi fulani. Nilipima misimu miwili, nikaandika kwamba katika miezi ya kiangazi maji hayatatosha hata nusu ya mashamba yaliyochorwa. Mkubwa wangu, ambaye sitamtaja, aliisoma ripoti mbele yangu, akaniuliza kwa upole kama siwezi kuitazama tena ile namba. Vijana, swali hilo halitolewi kwa ukali hata siku moja. Nilikuwa na watoto wanne na nyumba ya serikali. Nilikwenda nyumbani nikafungua kitabu na kusoma habari za Los Angeles mpaka taa ikaishiwa mafuta. Asubuhi nilirudisha ripoti na namba ile ile. Ikawekwa kabatini, nami nikahamishwa, na kwa miaka mitatu sikupandishwa cheo. Nayasema haya kwa sababu mwaka jana kijana mmoja wa kidato cha sita aliniuliza kama kazi ya upimaji ina hatari gani, nami nikamjibu nyoka na jua. Nilimjibu vibaya.

Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yaligawana Mto Colorado kwenye karatasi. Waligawana kiasi cha mita za ujazo bilioni 18 na nusu kwa mwaka, wakitegemea vipimo vya miaka iliyokuwa na mvua nyingi kupita kawaida. Mto haukuweza kutoa kiasi hicho mwaka baada ya mwaka, na kesi zimeendelea mahakamani hadi kizazi hiki. Watu wapatao milioni 40 wanautegemea, na kwa miaka mingi sasa maji yake ni nadra kufika baharini.

Mwaka 1963 milango ya bwawa la Glen Canyon ilifungwa, maji yakapanda yakalifunika korongo zuri ambalo Meja mwenyewe alilipa jina. Ziwa lililotokea wakaliita Ziwa Powell. Mwaka 2022 ziwa hilo lilishuka likabaki na robo hivi ya maji yake, na katika mabonde ya pembeni mawe aliyoyaona yeye kutoka mashuani yakatokea tena juani, meupe kwa chumvi.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa.